Nyuzi Zisizopingana

Nchi ninayoisimulia haipo, na wakazi wake wote wamekwisha kuapa hivyo. Jina haina, kwa sababu lile la zamani liliondolewa ili litafutwe zuri zaidi, na kamati ya jina bado inakaa. Wewe unayesoma ukihisi unaifahamu, hiyo bahati mbaya ni yako peke yako, mimi usiniingize.

Mambo yalianza Siku ya Taifa. Mheshimiwa Rais, ambaye huvaa suti nyeusi hata kwenye joto la kukaangia mayai, mwaka huo alishauriwa avae sombera. Sombera ni shuka ya asili ya nchi ile, ya pamba, nyekundu na njano, pindo lake la miraba midogo midogo, na hufumwa kwa mkono. Zamani bwana harusi asingetoka nje bila hiyo, na mtu mwenye heshima zake alizikwa nayo. Basi Rais akapanda jukwaani, shuka moja kiunoni, nyingine begani. Uwanja wote ukanyamaza. Katika ukimya ule mtoto mmoja aliyebebwa mabegani na babake, chini kabisa ya kipaza sauti cha redio ya taifa, akauliza:

"Baba, Rais katoka kuoga?"

Nchi nzima ilisikia. Baba mtu alieleza papo hapo kwamba mtoto si wake, ila wanafanana tu.

Jioni ile ile Waziri wa Utamaduni, Vijana na Mengineyo, Mheshimiwa Dakta Bori Makeke, alilihutubia taifa. Alikuwa mtu mpana, mwenye upara unaong'aa na sauti ya kuuzia mnadani.

"Ndugu wananchi! Vijana wetu wamepotea! Na kijana wa leo akipotea, anaonekana wapi? Kwenye skrini! Basi tutamfuata huko huko kwenye skrini, shuka mkononi! Serikali yenu sikivu itatengeneza filamu ya katuni, ili kila mtoto aijue sombera kabla hajajua kunawa uso!"

Mwandishi wa habari mmoja alitaka kujua kama wafumaji wenyewe, ambao wamebaki wachache na wanalia kwa kukosa pamba, watasaidiwa chochote.

"Wafumaji ni mambo ya zamani," alijibu Waziri kwa upole. "Sisi tunashughulikia mustakabali wa mambo ya zamani."

Hatukuelewa, kwa hiyo tulipiga makofi.

*

Iliundwa Kamati ya Taifa ya Kutazama Katuni. Mwenyekiti alikuwa Kanali mstaafu Shaweji, aliyechaguliwa kwa sababu katika jeshi lote hakuna aliyewahi kutazama kwa darubini kama yeye. Wajumbe wengine walikuwa wengi na walikuja wakati wa chai. Mimi niliteuliwa kuwakilisha wananchi wa kawaida. Wananchi wa kawaida wenyewe hawakuulizwa, lakini dereva wa Waziri ni shemeji yangu, na anajua vizuri jinsi nilivyo wa kawaida.

Mchoraji alikuwa binti mmoja anaitwa Raya. Alilelewa na shangazi yake, Bi Mashavu, mfumaji wa Mtaa wa Pamba, na alikuwa na kipaji cha kuchukua picha zisizotikisika akazifanya zitembee, zicheke na zipige chafya. Siku ya kwanza alikuja na kompyuta yake, akatuonyesha alichokitengeneza.

Kwenye skrini alionekana kibibi kinene, kimekaa chini, miguu imezama ndani ya shimo, mbele yake nyuzi zimetandazwa. Mikono inakwenda, miguu inakanyaga, mdomo haupumziki. Uzi ukikatika anauambia, "Wewe una roho kama ya mkwe wangu!" Kisha anaufunga fundo na kuendelea kuimba. Kidogo kidogo shuka inatokea, nyekundu na njano, miraba midogo midogo pindoni. Tulicheka mpaka Waziri akatoa leso. Halafu akagundua kwamba anacheka, akamgeukia mwenyekiti kujua kama inaruhusiwa.

Kanali Shaweji hakuwa amecheka.

"Nina maswali," alisema. "Huyu mama mbona yuko shimoni?"

"Ndivyo wanavyofuma, Kanali," alijibu Raya. "Kitanda cha kufumia kinalazwa chini, miguu inaingia shimoni ili ikanyage kamba za kupandisha na kushusha nyuzi."

"Shimoni huingia watu wa aina mbili, maiti na adui. Huyu ni yupi?"

Hakungoja jibu, akahesabu kidole kingine.

"La pili. Nyuzi hizi zinatoka mbele kwenda nyuma, zimenyooka, zina nidhamu. Nimezipenda. Huu mwingine mbona unakatiza?"

"Hizo za urefu ndizo mtande. Unaokatiza ni mshindio. Unapita juu ya huu, chini ya ule, tena unarudi..."

"Kwa hiyo zinapingana."

"Zinapishana, Kanali. Ndiyo inakuwa nguo."

"Binti," alisema Kanali, na chumba kikapoa, "nimekaa jeshini maisha yangu yote. Anayekatiza mbele ya wenzake wanaokwenda mstari mmoja, sisi hatumwiti mshindio."

Wajumbe walikohoa. Mmoja alihama kiti akakaa mbali na skrini.

Waziri naye alikuwa na dogo lake. "Ningependa na mimi niwemo," alisema akitazama kucha zake. "Si kwamba napenda. Ni kwa ajili ya watoto. Na kama itawezekana, niwe na nywele."

Mpaka sambusa zinaisha, kibibi kilikuwa kimefutwa. Mahali pake alikaa kijana mwenye kifua kama beseni lililofudikizwa, anaitwa Kapteni Uzi. Shimo lilifukiwa, juu yake kikawekwa kiti cha dhahabu. Nyuzi zote zilielekea upande mmoja, hakuna uliomkatiza mwenzake. Na shuka? Shuka ilitokea yenyewe, Waziri mwenye nywele alipomaliza kuhutubia.

"Lakini nguo ya hivyo haishikani," alisema Raya. "Ukiinyanyua inamwagika."

"Usiinyanyue," alisema Kanali. "Au kazi tumpe mwingine?"

Raya alikubali kama mtu anavyokubali kung'olewa jino, mdomo wazi na macho kwingine.

*

Siwezi kusema uongo, watoto waliipenda. Kapteni Uzi aliruka juu ya mapaa, alifunga majambazi kwa nyuzi, na kila alipopigwa aliamka na suruali ikiwa safi. Barabara zilikuwa tupu saa ya katuni. Hata wazee waliokuwa wamesusia televisheni kwa sababu ya mieleka walirudi.

Shuleni likaingizwa somo. Kila mwanafunzi alipanga nyuzi juu ya dawati, zote upande mmoja, mwalimu akasoma hotuba ya Waziri, kisha darasa likasubiri shuka itokee. Walisubiri mpaka kengele. Msichana mmoja aliyechoka kusubiri alikatiza uzi mmoja katikati ya wenzake, juu, chini, juu, chini, ukaanza kushikana. Alirudishwa nyumbani akamlete mzazi.

Balaa likaja watoto walipoanza kwenda Mtaa wa Pamba kuwaona wafumaji wa kweli. Walirudi wamevunjika moyo. Wafumaji wa kweli ni wazee, wamekaa shimoni, hawana vifua, na nyuzi zao zinakatizana hadharani mchana kweupe. Wazazi wakalalamika wizarani kwamba watoto wao wanapotoshwa. Wizara ikakaa, ikaona kuna tofauti kati ya katuni na uhalisia, na kwa kuwa katuni ilikuwa imepitishwa na kamati, kosa likawa la uhalisia. Ndipo ikaanzishwa Operesheni Nyoosha Uzi.

*

Kamati ililazimika kushuhudia, kwa hiyo nilikuwepo siku lori lilipoingia Mtaa wa Pamba. Ofisa wa operesheni, kijana mstaarabu tu, alikuwa na simu mkononi. Aliingia uani kwa Bi Mashavu, akamkuta shimoni anafuma.

"Mama, shikamoo. Hebu tazama hapa. Hiki ndicho kitanda cha sombera kinachotambulika. Chako kinafanana nacho?"

Bi Mashavu alikuwa mwanamke wa maumbo, kila kitu chake kikubwa, hasa sauti. Aliisogeza simu mbali na macho, kisha karibu.

"Marahaba. Hiki ni kiti cha kinyozi."

"Ni kiti cha taifa, mama."

"Na huyu mwenye kifua ndiye mfumaji? Hebu mwulize, hiyo nguo yake imeshikwa na nini? Mate?"

"Mama, nyuzi zako zinapingana."

"Mwanangu, mimi na marehemu mume wangu tulipingana miaka yote, na tulikuwa kitu kimoja. Ungetulaza wote tunaelekea upande mmoja, watoto wangepatikana wapi?"

Watu waliochungulia ukutani waliangua kicheko. Ofisa aliona haya mpaka masikio, lakini amri ni amri. Walimtoa Bi Mashavu shimoni, wakang'oa kitanda vipande vipande, wakavipakia lorini juu ya vitanda vya majirani, pamoja na shuka iliyokuwa imefumwa nusu. Hapo ndipo sauti yake ilipopungua kwa mara ya kwanza.

"Hiyo shuka niachieni. Ni yangu ya kuzikiwa."

"Ni kielelezo, mama."

"Basi sasa hata kufa nimezuiwa," alisema Bi Mashavu. "Nikifa wiki hii nazikwa nusu uchi, na aibu ni yenu."

Lori likaondoka. Raya alifika likiwa linakata kona, amekimbia, kiatu kimoja mkononi. Shangazi yake alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo tupu, miguu inaning'inia.

"Nasikia huyo kinyozi umemchora wewe," alisema.

Raya alikaa chini kando yake. "Shangazi, walinilazimisha."

"Walikushika mkono?"

"Hapana."

"Basi mkono ulichora wenyewe."

Raya alianza kulia. Bi Mashavu alimwacha alie, akamfuta kamasi kwa ncha ya kanga kama alivyokuwa akimfuta zamani, tena kwa nguvu ile ile.

"Haya, yatosha. Mkono uliofunga fundo ndio unaojua pa kulifungulia. Nenda. Na uvae hicho kiatu, si mwehu wewe."

*

Kesho yake Raya alikwenda kwa Kanali Shaweji. Nilikuwa mle ofisini nikinywa chai kwa niaba ya wananchi.

"Kanali, katuni ni hadithi tu. Mnawezaje kumnyang'anya mtu kitanda chake kwa ajili ya hadithi?"

Kanali alimtazama kwa huruma. "Picha iliyopitishwa na kamati ni msimamo wa serikali, na msimamo haukosei. Ukiona uhalisia unatofautiana nao, ujue huo uhalisia haujapitishwa."

"Kwa hiyo kitu kikishaonekana kwenye katuni, lazima kitekelezwe?"

"Picha kwa picha."

"Hata kama ni kazi ngumu?"

"Hasa kama ni kazi ngumu."

Raya alishukuru sana, akainama, akatoka. Nilimwona akipita dirishani, anatembea kama mtu aliyerudishiwa mbwa wake aliyepotea.

Haukupita muda akaleta sehemu maalumu, iitwayo Waziri na Watu Wake. Kamati ikakaa, taa zikazimwa. Na kweli, ilikuwa kazi ya heshima. Waziri alitokea akitembea kwa miguu, mrefu, mwembamba, na nywele! Si nywele za kawaida. Zilikuwa nyingi, nyeusi, zilipepea hata alipokuwa ndani ya nyumba. Upepo ukivuma kushoto zinalala kulia, jua likiwaka zinametameta.

Dakta Makeke aliishikilia meza. "Zirudie hizo za upepo," alisema kwa sauti ndogo.

Raya alizirudia. Waziri hakutazama kingine. Kanali naye alikuwa anahesabu medali ambazo Raya alikuwa amemvisha mhusika mmoja wa nyuma, mwenye darubini. Huku nyuma, chini ya nywele zile, Waziri wa kwenye katuni aliingia Mtaa wa Pamba amejitwika kitanda cha kufumia kichwani. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwarudishia wafumaji mali zao na kuwaomba radhi kwa magoti. Kisha akavua viatu, akaingia shimoni, akafuma, na uzi wake ulipita juu ya huu, chini ya ule, ukarudi.

Mimi niliona. Nilitazama kulia, nilitazama kushoto. Nikakumbuka kwamba kazi yangu ni kuwakilisha wananchi wa kawaida, na mwananchi wa kawaida akiona kitu hunyamaza.

"Kuna mwenye hoja?" aliuliza Kanali taa zilipowashwa.

Nilinyoosha mkono. "Napendekeza tupige makofi."

Ikapita kwa kauli moja.

*

Ilirushwa hewani Ijumaa, na Jumamosi asubuhi watoto walikuwa wamejaa nje ya wizara wakiimba, "Kitanda kichwani! Kitanda kichwani!" Dakta Makeke alidhani wamekuja kuona nywele, akafunga pazia. Kisha simu ikaita kutoka Ikulu. Rais ameguswa mno na unyenyekevu wa Waziri wake. Anasubiri kwa hamu kuuona ukitekelezwa.

Waziri alimwita Kanali. "Ulipitishaje kitu kama kile?"

"Mheshimiwa, wewe ndiye uliyesema irudiwe."

"Tukanushe!"

"Kukanusha msimamo wa serikali ni uhaini," alisema Kanali kwa masikitiko, akiandaa kalamu kama atahitajika kuandika jina la mtu.

Basi Jumatatu msafara ukaingia Mtaa wa Pamba. Lori lilivibeba vitanda vyote vya kufumia mpaka mwanzo wa mtaa, na hapo Waziri akashushwa kwenye gari, akatwikwa kimoja kichwani. Ni mbao nzito za mvule. Jasho lilimtiririka toka uparani mpaka ndani ya suti. Watoto walimfuata wakiruka, wengine wakimwambia, "Mbona hazipepei?" Kila nyumba alipiga magoti. Nyumba za mwanzo alipiga kwa sababu kamera zilikuwepo. Kwenye nyumba moja ya katikati kikongwe mmoja alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia, "Umechoka baba, inuka," na nilimwona Waziri akichelewa kuinuka, kama mtu aliyesahau alichofuata.

Kwa Bi Mashavu ndiko alikotakiwa kufuma. Kitanda kilifungwa upya, shuka ya kuzikiwa ikarudi mahali pake. Bi Mashavu alisimama mikono kiunoni.

"Vua viatu. Soksi pia. Ingia. Vuta tumbo ndani, Mheshimiwa. Zaidi. Hilo tumbo utalifuma humo humo."

Aliingia, akakwama, akasukumwa, akakaa. Akiambiwa akanyage kamba hii, alikanyaga ile. Uzi ukakatika.

"Mkono mwepesi! Unashika uzi, hushiki kiti cha Bunge."

Raya alikuwa kando na watoto, anacheka amefunika mdomo. Watoto nao walikuwa wamelizunguka shimo, wanagombania kuonyesha. Huu juu. Hapana, chini! Ukifika mwisho unarudi. Yule msichana wa darasani aliyekatiza uzi alikuwa ameshamshika Waziri kidole anakipeleka. Na nguo ikaanza kutokea, imepinda kama barabara ya kata, lakini nguo. Dakta Makeke aliipapasa. Aliivuta, haikumwagika. Mtaa mzima ulipiga kelele, na mtu akaanza kuimba jina la Waziri. Jina lilipita mtaa wa pili, likapita wa tatu, likafika mjini.

Lilifika mbali kupita kiasi. Katika taarifa ya habari ya saa saba mchana redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Rais, kwa mamlaka aliyonayo, amemshukuru Dakta Bori Makeke kwa utumishi wake, na amemteua Kanali mstaafu Shaweji kushika nafasi hiyo mara moja.

Sijapata kuona msafara ukigeuka haraka vile. Milango ya magari ilifungwa kama karanga zinazopasuka kikaangoni. Kanali aliingia gari la Waziri, shemeji yangu akalitia moto bila kunitazama, kamera zikakunjwa. Simu ya Raya ikaita. Alikuwa Kanali, anapiga toka garini, anataka nywele zile zihamishiwe kwake kabla ya jioni.

"Sikusikii," alisema Raya. "Mtandao unakatizakatiza." Akaizima, akaketi chini kati ya watoto, akaanza kuwachorea kwa kijiti mchangani jinsi ya kufunga fundo la uzi uliokatika.

Vumbi lilipotulia uani tulibaki sisi, watoto, na mtu mpana aliyekwama shimoni bila soksi. Hakuna aliyejua amwite nani sasa. Aliitazama barabara ilikokwenda magari. Midomo ikamcheza, macho yakajaa, chozi la kwanza likadondoka juu ya mtande.

Bi Mashavu alimpiga bega.

"Bori," alisema, na hakusema kwa ubaya. "Lia, baba, una haki. Lakini geuzia uso kule. Uzi ukilowa unavimba."

Akageuza uso kule akalia. Mikono yake ilibaki kwenye nyuzi, na baada ya kitambo, akiwa bado amegeuka, ilianza yenyewe kupapasa uzi upi unapita juu.